Kuvu na bakteria wa udongo wa Bukoba na Muleba

Kuvu na bakteria wa udongo wa Bukoba na Muleba ni viumbe vidogo vinavyoishi pamoja ardhini katika mashamba ya migomba, maharage na kahawa ya wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kuvu nyingi za udongo hukua kama nyuzi nyembamba ziitwazo hifa. Bakteria hukaa juu ya nyuzi hizo, kandokando yake na pengine ndani yake. Sehemu ya udongo inayoathiriwa na hifa huitwa hifosfia.

Mahusiano ya viumbe hivi yanaweza kumfaidi mkulima au kumletea hasara. Kuna kuvu ambazo, kwa msaada wa bakteria, huipatia mimea fosforasi. Kuna nyingine, kama *Fusarium oxysporum*, ambazo hunyausha migomba, na ambazo bakteria walio karibu nazo wanaweza kuzizuia. Kwa kuwa ndizi za kupika ni chakula kikuu cha Wahaya, uhai wa udongo wa kibanja unahusu moja kwa moja chakula cha kila siku cha kaya.

## Mazingira

Bukoba na Muleba ziko kando ya magharibi ya Ziwa Viktoria. Karibu na ziwa mvua ni nyingi, kiasi cha milimita 2000 kwa mwaka mahali pengine, na hupungua kadiri mtu anavyoelekea magharibi. Mvua hiyo imeosha madini mengi kutoka katika udongo uliotokana na miamba ya mchanga. Kilichobaki mara nyingi ni udongo wenye asidi, wenye chuma na alumini nyingi, na wenye virutubishi haba.

Wahaya hugawanya ardhi yao kwa namna inayoonyesha ujuzi wa muda mrefu kuhusu rutuba:

* Kibanja ni shamba la kudumu linalozunguka nyumba. Humo hupandwa migomba pamoja na kahawa, maharage na miti. Udongo wake umetajirishwa kwa vizazi vingi kwa samadi, majivu, mabaki ya jikoni na matandazo ya nyasi.
* Kikamba ni ardhi iliyo pembeni ya kibanja, ambapo hulimwa mazao ya msimu kama mihogo, mahindi na viazi vitamu.
* Rweya ni mbuga ya nyasi yenye udongo maskini. Hutumika kwa malisho, kwa kukata nyasi za matandazo, na kwa kulima njugu mawe kwa kuhamahama.

Kwa hiyo rutuba ya kibanja ilitengenezwa na watu. Ng'ombe walikula nyasi za rweya, na samadi yao ikabaki kibanjani. Mfumo huo ulipata pigo kubwa katika miaka ya 1890, wakati sotoka ilipoua ng'ombe wengi Afrika Mashariki. Baadaye ongezeko la watu lilipunguza rweya, na leo kaya nyingi hazina ng'ombe hata mmoja.

## Hifa na hifosfia

Hifa ni nyembamba sana. Upana wake kwa kawaida ni kati ya mikrometa 2 na 10, yaani nyembamba kuliko unywele wa binadamu mara kumi au zaidi. Gramu moja ya udongo wenye afya inaweza kuwa na mita kadhaa za hifa. Bakteria wengi wana urefu wa mikrometa 1 hivi. Kwa hiyo hifa moja ni kama gogo refu ambalo bakteria wanaweza kujipanga juu yake.

Udongo kwa sehemu kubwa ni jangwa kwa bakteria, kwa sababu chakula chenye kaboni ni kidogo na kimetawanyika. Hifa hutoa majimaji yenye sukari, asidi za kikaboni na asidi amino. Bakteria hufuata chakula hicho, kama vile wafanyabiashara wadogo wanavyofuata barabara mpya. Ndiyo sababu bakteria walio kwenye hifosfia hutofautiana kwa aina na kwa wingi na wale walio sentimita chache tu mbali nayo.

Kundi muhimu kwa wakulima ni kuvu za mikoriza, yaani kuvu zinazoungana na mizizi ya mimea. Zaidi ya theluthi mbili ya spishi za mimea ya nchi kavu zina mikoriza ya aina ya abuskula, ambayo huingia ndani ya seli za mizizi na kutengeneza humo matawi madogo kama kichaka. Migomba, kahawa, maharage, mahindi, mihogo na njugu mawe zote ziko katika kundi hili. Kabichi na jamaa zake hazimo. Misonobari iliyopandwa katika sehemu za rweya huungana na mikoriza ya aina nyingine, ambayo hufunika mizizi kwa nje na mara nyingi huzaa uyoga juu ya ardhi.

## Historia ya utafiti

Neno mikoriza lilianzishwa mwaka 1885 na Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Mwaka 1904 Mjerumani mwenzake, Lorenz Hiltner, alilipa jina eneo la udongo linalozunguka mizizi, yaani rizosfia. Jina la hifosfia lilifuata mfano huo.

Mwaka 1962 Barbara Mosse, aliyefanya kazi katika kituo cha Rothamsted huko Uingereza, alionyesha jambo lililoshangaza. Alipootesha spora safi za mikoriza pamoja na mizizi isiyo na kijidudu chochote, kuvu haikuingia mizizini. Alipoongeza bakteria wa jenasi *Pseudomonas*, iliingia. Mwaka 1994 Mfaransa Jean Garbaye alipendekeza bakteria wa namna hii waitwe wasaidizi wa mikoriza.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Torino, Italia, walithibitisha kwamba kuvu ya mikoriza *Gigaspora margarita* ina bakteria wanaoishi ndani ya seli zake. Bakteria hao hurithiwa kutoka spora hadi spora.

Katika Kagera, utafiti wa mazao unafanyika hasa katika kituo cha Maruku, karibu na mji wa Bukoba, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Kazi kubwa imefanywa kuhusu migomba, magonjwa yake na rutuba ya udongo. Mwaka 2004 Freddy Baijukya alikamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, akichunguza namna mimea jamii ya kunde inavyoweza kusaidia mashamba ya migomba ya eneo hili.

## Mahusiano ya kusaidiana

### Fosforasi

Katika udongo wenye asidi, fosforasi hushikwa na chuma na alumini. Ipo, lakini mmea hauifikii. Vinyweleo vya mzizi hufika milimita 1 au 2 tu, na fosforasi iliyo karibu ikiisha, mzizi hubaki na njaa. Hifa za mikoriza huenda mbali zaidi, sentimita kadhaa, na kuleta fosforasi mzizini. Mmea nao huilipa kuvu kwa sukari na mafuta yaliyotokana na usanisinuru.

Hata hivyo kuvu za abuskula zina udhaifu. Jenomu ya *Rhizophagus irregularis*, iliyochapishwa mwaka 2013, ilionyesha kwamba zina vimeng'enya vichache sana vya kuvunja mabaki ya mimea. Fosforasi iliyofungwa ndani ya mboji ni vigumu kwao kuipata peke yao. Hapa bakteria wa hifosfia huingia kazini. Kuvu huwapa sukari, nao hutoa kimeng'enya kiitwacho fosfatasi kinachoachilia fosfeti, kisha hifa huichukua. Katika majaribio ya maabara sukari ya fruktosi inayotolewa na hifa iliwachochea bakteria *Rahnella aquatilis* kutengeneza fosfatasi zaidi. Sukari hiyo ilifanya kazi ya chakula na ya ishara kwa wakati mmoja.

Bakteria wengine hutoa asidi zinazoyeyusha fosfeti ya madini. Uwezo huo huonekana wazi zaidi kwa fosfeti ya kalsiamu. Fosfeti ya chuma na ya alumini, ambayo ndiyo ya kawaida katika udongo mwekundu wenye asidi, ni ngumu zaidi kuyeyuka. Kwa hiyo bakteria aliyefaulu katika chupa ya maabara anaweza asifaulu katika rweya.

### Njia ya kusafiria

Bakteria wengi wanaweza kuogelea, lakini wanahitaji maji. Udongo ukikauka, matundu yake hujaa hewa na bakteria hukwama. Hifa huvuka matundu hayo, na utando mwembamba wa maji unaozifunika huwa njia ya bakteria. Jambo hili lilionyeshwa vizuri mwaka 2005 na watafiti wa Leipzig, Ujerumani.

Katika majaribio mengine, bakteria wa kundi la rizobia, wanaonasa nitrojeni ya hewa katika vinundu vya mizizi, walisafiri juu ya nyuzi za kuvu hadi kwenye mizizi ya karanga, na vinundu vikaongezeka. Mazao ya jamii hiyo, kama maharage na njugu mawe, hulimwa sana Bukoba na Muleba.

### Muundo wa udongo

Hifa hufunga chembe za udongo kama uzi unavyofunga shanga, na utomvu wa bakteria huzigandisha. Mabonge madogo yanayotokea hushika maji na kupunguza mmomonyoko. Katika maeneo yenye mvua kubwa na miinuko, kama kingo za ziwa, faida hiyo ni kubwa.

## Mahusiano ya kushindana

Si bakteria wote walio rafiki wa kuvu. Baadhi hutoa viuavijasumu vinavyozuia hifa kukua. Wengine hutoa molekuli zinazonasa chuma, na kuvu ikabaki bila madini hayo. Wengine, kama *Collimonas fungivorans* aliyeelezwa mwaka 2004 kutoka matuta ya mchanga ya Uholanzi, hula kuvu hai.

Kuvu nazo hujitetea. *Fusarium oxysporum* hutoa asidi ya fusariki, ambayo huzima utengenezaji wa kiuavijasumu muhimu cha baadhi ya *Pseudomonas*. Lakini silaha hiyo ina makali mawili. Kuna *Pseudomonas* ambao huivuta asidi hiyo kama harufu, wakaifuata hadi kwenye hifa na kuzizunguka.

Mahali pengine duniani ushindani huu umetengeneza udongo unaozuia mnyauko. Mfano maarufu ni udongo wa Châteaurenard, Ufaransa. Kuvu yenye ugonjwa imo humo, lakini mimea hainyauki sana. Sababu zake ni mbili zinazofanya kazi pamoja: aina za *Fusarium* zisizo na madhara hushindana na ile yenye madhara kwa chakula, na bakteria *Pseudomonas* huinyima chuma. Udongo huo ukichemshwa hupoteza kinga yake. Hilo linaonyesha kwamba kinga imo katika viumbe hai.

## Mnyauko wa migomba

Kuna magonjwa mawili ya mnyauko katika eneo hili, na mara nyingi huchanganywa. Kuyatofautisha ni muhimu kwa sababu tiba ya shamba ni tofauti.

Mnyauko fuzari husababishwa na kuvu *Fusarium oxysporum* f. sp. *cubense*, inayoingia kupitia mizizi. Majani ya chini huwa ya njano kuanzia ukingoni, kisha huvunjika na kuning'inia kama sketi kuzunguka shina. Shina huweza kupasuka karibu na ardhi. Tunguu likikatwa huonyesha mistari ya kahawia au nyekundu iliyokolea. Spora zake zenye ukuta mnene zinaweza kubaki ardhini kwa makumi ya miaka. Kundi la 1 la kuvu hii hushambulia ndizi kama Gros Michel, Pisang Awak na sukari ndizi, lakini kwa kawaida haliziathiri ndizi za kupika za nyanda za juu. Kundi la TR4, ambalo hushambulia pia ndizi za Cavendish, lilitangazwa nchini Msumbiji mwaka 2013.

Mnyauko bakteria, uitwao pia unyanjano, husababishwa na bakteria wa jenasi *Xanthomonas* wajulikanao kama *musacearum*. Ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na ukaripotiwa Muleba mwaka 2006. Ua dume hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na huwa za kahawia ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa njano. Hushambulia aina zote za migomba inayolimwa, zikiwemo ndizi za kupika. Huenezwa na wadudu wanaotembelea maua, panga na visu visivyosafishwa, na machipukizi yenye ugonjwa. Bakteria hawa hawadumu ardhini kwa muda mrefu kama spora za *Fusarium*.

{| 
! Jambo !! Mnyauko fuzari !! Mnyauko bakteria
|-
| Kisababishi || Kuvu || Bakteria
|-
| Njia ya kuingia || Mizizi || Maua, majeraha ya panga
|-
| Ndani ya ndizi || Kwa kawaida haibadiliki || Kahawia
|-
| Usaha wa njano || Hakuna || Upo
|-
| Kudumu ardhini || Makumi ya miaka || Muda mfupi
|}

Dhidi ya mnyauko bakteria, njia zilizofaulu ni kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kusafisha vifaa kwa moto au dawa ya klorini, na kuondoa mapema mashina yenye dalili. Dhidi ya mnyauko fuzari, njia kuu ni kupanda aina zinazostahimili na kutohamisha machipukizi wala udongo kutoka shamba lenye ugonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mradi wa Maendeleo ya Jamii Kagera (KCDP), uliosaidiwa na Ubelgiji, ulisambaza aina mpya za migomba, zikiwemo za jamii ya FHIA zilizozalishwa Honduras.

Hakuna kijidudu cha dukani kinachoweza kuchukua nafasi ya hatua hizo. Bakteria na kuvu rafiki huongeza kinga ya udongo, lakini haziponyi mgomba ambao mishipa yake imeshaingiwa.

### Mnyauko wa kahawa

Kahawa aina ya robusta, zao la biashara la miaka mingi Kagera, nayo ina mnyauko wake unaosababishwa na *Fusarium xylarioides*. Ulithibitishwa katika mkoa huu mwaka 1997. Mti huathirika upande mmoja, majani hupukutika, na chini ya gome huonekana rangi ya bluu-nyeusi. Kuvu hii haishambulii mgomba, ingawa jina la jenasi ni lilelile.

## Kilimo na uhai wa udongo

Kibanja cha jadi kina sifa kadhaa zinazofaa mikoriza na bakteria wake. Mizizi hai imo ardhini mwaka mzima, kwa hiyo kuvu haikosi mwenyeji. Matandazo huhifadhi unyevu na kupunguza joto. Mazao ni mchanganyiko. Jembe halipiti kwa kina, na nyuzi hazikatwikatwi mara kwa mara.

Mambo yanayoharibu mahusiano hayo yanajulikana pia:

* Kulima kwa kina mara nyingi hukata mtandao wa hifa, nao huhitaji muda kujijenga upya.
* Kuchoma nyasi na mabaki huondoa kaboni ambayo ingewalisha bakteria na kuvu za mboji.
* Kuacha ardhi wazi bila mmea wowote hupunguza spora za mikoriza zenye uhai.
* Mbolea ya fosfeti ikizidi, mmea huacha kuilisha kuvu kwa kuwa hauihitaji tena.

Suala gumu ni matandazo. Nyasi za rweya zinapungua, na kila mzigo unaobebwa kwenda kibanjani huondoa virutubishi mahali pengine. Mimea jamii ya kunde kama mukuna, marejea na *Tephrosia candida* imejaribiwa kama chanzo cha matandazo na nitrojeni. Mimea hii huilisha mikoriza pamoja na rizobia, lakini huhitaji nafasi na kazi, vitu ambavyo kaya yenye shamba dogo huvipata kwa shida.

Miche ya migomba ya chupa, inayozalishwa maabara, ni njia nzuri ya kupata mbegu isiyo na ugonjwa. Lakini usafi huo unamaanisha pia kwamba miche hutoka bila kuvu na bakteria rafiki. Majaribio yameonyesha kwamba ikipewa mikoriza wakati wa kukuzwa kitaluni, mara nyingi hukua vizuri zaidi. Udongo wa kitalu hautakiwi kuchukuliwa kutoka shamba lenye mnyauko, maana pamoja na rafiki huja adui.

## Mbolea za vijidudu

Madukani huuzwa bidhaa zenye kuvu au bakteria kwa ajili ya kurutubisha udongo. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa COMPRO ulipima bidhaa nyingi za aina hii, kwanza Kenya, Ethiopia na Nigeria, na baadaye katika nchi nyingine, ikiwemo Tanzania. Bidhaa za rizobia kwa mazao ya kunde zilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha faida. Nyingine nyingi hazikuongeza mavuno, au hazikuwa na vijidudu vilivyoandikwa kwenye pakiti.

Sababu yake inaeleweka kutokana na hali ya hifosfia yenyewe. Kijidudu kigeni huingia mahali palipojaa wenyeji wanaogombea kila tone la sukari. Kisipopata chakula na mazingira yanayokifaa, hufa baada ya wiki chache. Katika mashamba ya Bukoba na Muleba, samadi, matandazo na mchanganyiko wa mazao huwalisha vijidudu ambao tayari wamezoea udongo, asidi na mvua ya huko.

## Angalia pia

* Mgomba
* Kuvu
* Bakteria
* Mboji
* Wahaya
* Mkoa wa Kagera